Torbjørg Lervik na Tanga la Ngozi

Mchungaji, ndugu, majirani, na wewe uliyeketi benchi la nne ukidhani hatujakuona, mimi ni Oddvar, mdogo wake marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yangu Torbjørg Lervik kama alivyoyaishi, bila chumvi.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1949 hapa Lervik, mtoto wa kwanza wa Anders na Jorunn, akasoma hapa kisiwani, kisha chuo kikuu mjini Trondheim, ambako alihitimu historia mwaka 1973, akarudi na shahada yake na kuingia moja kwa moja zizini, kwa kuwa alitaka kujua wale mabaharia wa kale walioogopwa kila pwani walitengenezewa na nani matanga yao. Jibu lilikuwa sufu, ya kondoo wetu hawa hawa, iliyonyofolewa kwa mkono na kusokotwa na wanawake. Aliajiriwa katika jumba la makumbusho la wilaya mwaka 1975, na yeye na wenzake wakasokota na kufuma tanga zima, miaka nenda miaka rudi, hadi vidole vikapinda, na mwaka 1991 mashua ikaondoka nalo huku akilia mbele za watu.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Peder Hammer, fundi wa mashua, wakajaliwa binti mmoja, Ragnfrid, naye Peder alitutoka mwaka 2004.

Sasa nifike kwa huyo wa benchi la nne. Mwaka 2009 Eskil Rognstad, mwandishi wa riwaya za majoka na mabaharia wa kale, alikuja kumwomba dada ushauri, akala nyama ya kondoo na kabichi mezani kwake, kisha akaandika alivyojitakia, na kitabu kilipotoka merikebu zote zilikuwa na matanga ya ngozi nyeusi, wanawake ama malkia wenye panga ama vijakazi, hakuna hata mmoja anayesokota, na ukurasa wa mwisho ukamshukuru Torbjørg Lervik, aliyehakikisha kila kitu ni kweli. Wageni wakawa wanakuja makumbusho kuuliza ngozi iko wapi, na wasomi wenzake wakamcheka, "Vipi, mama wa ngozi?"

Alimfuata akamwambia, "Nitoe humo." Huyu akacheka, "Bibi wee, si hadithi tu? Mbona joka hulilalamikii?" Dada akamjibu, "Joka lako sina neno nalo. Umewafuta mama zangu, halafu unasema mimi nimekubali." Mwandishi akakataa katakata, akidai jina la dada ndilo linalowafanya wasomaji wamwamini.

Basi mwaka 2012 dada yangu alimshonea tanga la ngozi, sawasawa na la kitabuni, akawaita waandishi wa habari, akamwalika kwenye mashua aliyoiacha Peder, na jamaa kwa kupenda picha akaja amevaa joho. Mvua ikanyesha, kama kawaida yetu, ngozi ikanywa maji, mti uliolibeba tanga ukakatika, likamfunika gubigubi, tukamvuta hadi gatini akipiga kelele chini yake, na dada yangu akacheka hadi akakaa chini. Raha iliyoje! Lakini kitabu kilichofuata kilimshukuru tena.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Februari 2020, akaugulia nyumbani, akafariki tarehe 3 Machi 2021 mikononi mwa Ragnfrid. Hakumsamehe huyu wa benchi la nne, na aliniagiza niseme hivyo hapa kanisani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya, majirani waliowalisha kondoo wake wakati wote wa ugonjwa, na wenzake wa makumbusho waliokuja kuimba dirishani.

Kwa desturi yetu tumesoma maneno yaliyoandikwa kwenye tepe za mashada yote ya maua, isipokuwa moja. Bwana Rognstad, shada lako ndilo kubwa kuliko yote, na kwenye utepe uliandika, "Kwa mshauri wangu wa historia." Hata juu ya jeneza lake! Maua tumeyaacha, hayana kosa, lakini utepe niliukata asubuhi hii nikautia motoni, nikausimamia hadi ukaisha. Alikuomba umtoe ukakataa, basi mimi nimemtoa.

Kahawa na mikate iko ukumbini, kwa wote tuliowashukuru. Pumzika, dada yangu, jina lako tumelirudisha nyumbani.