Lori la Mahari Limezima Baada ya Rongo

FILISTER: Haloo? Nani huyu?

NCHAGWA: Fili! Ni mimi—

FILISTER: Mimi nani? Hii namba siijui.

NCHAGWA: Nchagwa, bwana yako mtarajiwa. Hii ni simu ya Motari, utingo wangu, yangu imeisha chaji. Hamjambo huko Rodi?

FILISTER: (kwa sauti ya chini) Uko wapi? Wazee wamekaa, macho yote kwa barabara.

NCHAGWA: Tumepita Rongo kidogo. Fili... lori imezima.

FILISTER: Imezima aje?

NCHAGWA: Ilianza Awendo. Tukangoja, ikawaka. Ikazima tena Rongo. Sasa iko hapa kwa kilima, na ng'ombe wa mahari wanalia huko nyuma kama kwaya... Haloo? Hii network—

FILISTER: Niko. Nchagwa, ni lori imezima, ama ni wewe?

NCHAGWA: Mimi tena?

FILISTER: Auntie Truphena anasema hata yule mchumba wangu wa kwanza alisema gari yake imeharibika njiani, na hakufika.

NCHAGWA: Fili, mimi—

FILISTER: Wacha. Inakata mara moja, ama inakohoa kwanza?

NCHAGWA: Inakohoa, inakosa nguvu, halafu inalala.

FILISTER: Kuna maji kwa filta ya dizeli?

NCHAGWA: Hakuna. Si uliibadilisha mwenyewe hapo gereji yako, ukinitukana? Nimelala chini ya lori nikakagua, na hii suti ya kuazima. Mgongo wote ni dizeli na mavi ya ng'ombe. Mtu akipita atadhani mimi ndio nimepakiwa.

FILISTER: (anacheka) Usinichekeshe, wananisuka nywele hapa—

NCHAGWA: Na nilitangazia watu wote kwetu Ogwedhi nitaingia kwenu kama waziri! Sasa Motari anasema tufunge ng'ombe mbele wavute lori.

FILISTER: Ngoja. Mkikaa kidogo inawaka yenyewe?

NCHAGWA: Ee. Kama mtu amepumzika.

FILISTER: Uligusa tangi?

NCHAGWA: Hapana.

FILISTER: Nchagwa.

NCHAGWA: Niliosha tu... na nikafunga kifuniko na blada, ule mpira wa tairi.

FILISTER: Blada ya nini?

NCHAGWA: Ilikuwa inarusha dizeli. Nikasema mama yako asisikie harufu. Nikazungusha, nikakaza na nguvu zangu zote.

FILISTER: Ero, nimeipata! Umeziba ile tundu ya hewa ya kifuniko! Tangi haipumui. Injini inavuta dizeli, dizeli haiji.

NCHAGWA: Kwa hivyo nimenyonga lori yangu mwenyewe.

FILISTER: Ukijipamba. Kata hiyo blada, fungua kifuniko.

NCHAGWA: Motari, leta kisu! (kelele) Fili! Imefanya fyuuu!

FILISTER: Ndio hiyo. Sasa piga ile pampu ya mkono hapo kwa filta, mpaka ikuwe ngumu— Auntie? Naongea na... mteja. Gari yake imesumbua.

NCHAGWA: Mteja?

FILISTER: Piga pampu wewe!

NCHAGWA: Napiga... napiga... mkono umechoka kabla ya lori. Imekuwa ngumu! Motari, starti!

(stata inalia, injini inakohoa, inashika, inanguruma)

NCHAGWA: Umesikia? Haloo? Fili, unalia?

FILISTER: Ni network.

NCHAGWA: Nakuja. Wallahi nakuja. Nitafute tu mahali nioshe koti—

FILISTER: Usioshe kitu. Kuja vile uko.

NCHAGWA: Nikinuka hivi? Mama yako atakimbia!

FILISTER: Mama amezaa fundi, amezoea.

NCHAGWA: Na nikifika, nizime pale nje ama—

FILISTER: Usizime! Ingia nayo mpaka ndani ya boma. Nataka waisikie.

NCHAGWA: Sawa. Fili, Motari anasema kredo inaisha, na—

FILISTER: Pole pole kwa kona, ng'ombe wasianguke. Na Nchagwa—

NCHAGWA: Ee?

FILISTER: Asante kwa— Haloo? Haloo? (kwa sauti kubwa) Auntie Truphena! Fungueni geti yote!