Hadlock Bay, Meli Iliyokaa na Mume Wangu

Marehemu, meli Hadlock Bay, alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 kwenye karakana ya meli karibu na Seattle. Mabaharia wake wameniomba mimi, Lorraine Thibodeau, nisome wasifu huu kwa kuwa nimemjua miaka mingi. Walisahau kuuliza kama nilimpenda.

Elimu aliipata vitani, Pasifiki. Alifunzwa kuwa yaya wa ndege zinazotua majini: kuzijazia mafuta, kuzifunga zisichukuliwe na mkondo, kuwalisha na kuwalaza marubani. Huko akakutana na fundi mitambo kijana, Elwood Thibodeau wa hapa Portland, pwani ya Atlantiki.

Mwaka 1946 mimi nikaolewa na Elwood. Mwaka 1948 jeshi la majini lilimtoa marehemu kwa walinzi wa pwani, akapakwa rangi nyeupe kama bibi harusi, na Elwood akahama jeshi ili amfuate. Mwenye akili na aseme ni nani hapo aliyeolewa.

Kazi yake ya miaka ishirini ilikuwa kwenda katikati ya Atlantiki na kuzunguka papo hapo wiki baada ya wiki, akitangaza hali ya hewa kwa ndege zinazopita. Nyumbani paa lilivuja. Hali ya hewa ya jikoni kwangu hakuitangaza mtu.

Siku moja alitukaribisha, siwezi kumnyima haki yake. Mabaharia wana desturi ya kubatiza watoto wao kwa maji yaliyojazwa ndani ya kengele ya meli iliyopinduliwa, na Elwood hakutaka kusikia habari ya kanisa. Tukangoja meli irudi. Ikarudi ikaondoka, ikarudi ikaondoka, hadi binti yetu Colette akaota meno yote. Siku ilipofika, alipoinamishwa juu ya kengele, alimng'ata Padri Gagnon kidole.

"Huyu si mtoto, ni papa!" padri alipiga kelele.

"Amerithi kwa mamake, Baba," Elwood akasema.

Mabaharia walicheka mpaka wakashikana mabega, na marehemu naye, nina hakika.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1965, kutu tumboni na mitambo kukohoa. Elwood akawa halali usingizi kwa ajili yake.

"Mwache afe!" nilimwambia.

"Akifa huyu, bahari nimeacha," akanijibu.

Tangu hapo nikawa nawasha mishumaa kanisani ili afe.

Alistaafishwa mwaka 1968. Tarehe 9 Mei mwaka huu wa 1969, jeshi lile lile lililomlea lilimvuta hadi maji makuu likamfanya shabaha ya mazoezi ya mizinga. Alipigwa asubuhi, akakataa kuzama hadi jioni. Hata kufa alichelewa, kama kawaida yake.

Siku chache baadaye kapteni mmoja wa Boston akapiga simu: meli yake ilitaka fundi. Elwood alisema atafikiria. Jumamosi hiyo maharage yake, anayoyapenda kila Jumamosi, yalipoa mezani hajayagusa. Nikajua nimezika mke mwenza mmoja, na mwingine yuko njiani.

Sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi mlizoshika. Nimeiandika leo, baada ya kumfunga Elwood tai.

"Boston umewaambiaje?" nilimwuliza.

"Niliwakatalia tangu Jumanne."

"Jumanne! Na ukaninyamazia, mwanamume wewe?"

"Ungefurahi, Lorraine. Na mimi nina msiba."

Nilimnyoosha kola tukaondoka.

Marehemu ameacha mabaharia wengi, na mgane mmoja mwenye mke hai, anayelia pale safu ya mbele. Huyo nitamtunza mimi.

Hadlock Bay, mwizi wee, sijakusamehe. Ila leo sitafurahi. Pumzika kwa amani.