Wote Walikiona Kiwiko Changu

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, tata na mama, mnanijua kuwa mtu wa kukaa nyuma karibu na mlango. Leo nimeomba kusimama. Mkiona nanyamaza katikati, ningojeni, nitaendelea.

Nilikulia Mutshatsha, nikifukuza ndege kwenye mahindi ya mama yangu kwa mawe. Nilikuwa na shabaha. Nilipokuja Kolwezi kutafuta kazi, mfanyabiashara mmoja, ndiye patroni wangu, alinichukua nioshe malori yake. Kila Jumapili yeye na rafiki zake, watu waliotoka nchi za mbali, walicheza kriketi kwenye uwanja wa vumbi. Siku moja walipungukiwa mtu, wakanipa mpira.

Mchezo wenyewe ni hivi: unakimbia, unarusha mpira, na mwenye gongo anakinga vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Ukiviangusha, anatoka. Mimi niliviangusha. Patroni alipiga makofi: "We mwana, hauko mutu wa kuosha lori!" Tangu hapo alinilipa kucheza tu. Mwaka wa tatu nikachaguliwa kwenye timu iliyobeba jina la nchi yetu, twende Zambia. Mama yangu alilia kwa furaha. Mimi nilijua nimefika.

Ndugu zangu, nawaambia, ukubwa wangu huko nje ulidumu mipira saba. Nilirusha wa kwanza, mwamuzi akanyoosha mkono: batili. Wa pili, batili. Yote saba. Sheria inakataza kukunja kiwiko na kukikunjua unaporusha, na mimi nilikuwa natupa jiwe kama kule shambani. Nahodha alininyang'anya mpira mbele ya watu wote. Nikafungiwa kurusha.

Ndani ya basi la kurudi nilimuuliza patroni, "Ulijua?"

"Tulijua tangu siku ya kwanza."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Akacheka. "Ulikuwa unatushindisha. Nani anagusa kitu chenye kinatembea muzuri?" Kisha akaniambia malori yananingoja.

Sikurudi kwenye malori. Nilikwenda kwenye mgodi wa Mashamba kubeba magunia ya mawe, na kila nilichopata nilikinywea lutuku, ile pombe kali. Watoto wa mtaani, waliokwisha kusikia habari zangu, wakiniona walinyoosha mkono kama yule mwamuzi na kucheka. Siku moja niliwatupia jiwe. Lilimkosa mtoto mmoja kidogo sana, likagonga sufuria ya mama mmoja. Yuko hapa ndani, simtaji.

Nilingoja matusi. Yeye alinitazama mkono. "Tata, unakunja. Hata mi mwenye sijui ile mupira, naona."

Niliketi chini nikalia. Miaka mitatu ya makofi, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia.

Aliingia ndani, akatoka na miiko miwili ya kusongea bukari. Akaifunga kwenye kiwiko changu kwa kipande cha kitenge, mkono ukawa kama mpini. "Sasa rusha." Mpira wangu wa zamani ulianguka miguuni mwangu. Tulirudia kila asubuhi kabla hajaenda sokoni, yeye amesimama kando, mikono kiunoni: "Imekunja! Rudia! Pombe ya jana hiyo!" Nikaacha pombe, maana nilimwonea haya. Ilichukua mwaka mzima.

Nilipimwa na wakubwa wa mchezo, mkono ukakubaliwa. Nikacheza tena kwa jina la nchi, mara moja tu. Hakuna mpira wangu uliokuwa batili, lakini kasi ilikuwa imekwisha na walinipiga kila upande. Sikuitwa tena. Patroni alisema, "Sasa unarusha kama mutu wa kanisa." Siwadanganyi, bado inaniuma. Kuna asubuhi naamka na hasira.

Mama, asante. Hukupata faida yoyote kwangu, na bado ulinipa ukweli na miiko yako. Nanyi ndugu mlionipa kazi ya kufagia hapa nilipokuwa nanuka, asanteni.

Nilichojifunza ni hiki: anayekupenda atakuambia kosa lako ungali nyumbani. Sasa nafundisha vijana wachache. Anayekunja namwambia siku hiyo hiyo. Mmoja alinitukana, akaenda kurushia timu ya yule patroni. Nasikia anashinda kila Jumapili, na wanampigia makofi sana.

Mwombeeni huyo. Mimi kosa langu nimeshaambiwa.