Matope Yasiyoguswa

Benchi letu liko kando ya barabara, Kalunguta, chini ya mabati ya duka lililofungwa. Asubuhi nauza hapo kahawa na maharagi ya kuchemsha, mtoto wangu Jéthro mgongoni, na wanaume wanaongea. Mvua za kupanda zilizopita, mto ulifunika mashamba yetu kwa matope na mawe. Bwana mmoja akaja na buti safi, akasema serikali italipa wakulima, lakini kwanza tume ije kuona hasara. Shamba likilimwa tena, hasara haionekani. Basi hakuna aliyeshika jembe. Sasa mvua za kupanda zimerudi, nazo ziko karibu kwisha, na sisi tungali tunangoja.

— Feza ilishatoka Kinshasa, akasema Mbusa, tunayemwita Radio. Iko njiani tu.

— Inakuya na miguu? akauliza Papa Lusenge.

— Papa, mais barabara si unaiona! Camion yenye kubeba feza imekwama ku Alimbongo.

— Hapana camion, akasema Kahongya, tunayemwita Satelite. Ba serikali banatuangalia kutoka juu. Kila shamba iko mu machine yabo. Juzi mbuzi ya Kasika ilipita mu matope, ikaacha alama. Utasikia Kasika bamemutosha ku liste ya kulipwa.

— Juu ya mbuzi?

— Juu ya mbuzi! Batasema alianza kulima.

Tukacheka. Lakini Radio aligeuka kutazama mbuzi wake mwenyewe alipofungwa.

— Miye nasema ingine, akasema. Ile matope iko na zahabu. Ndiyo maana banatukataza kugusa.

— Donc miye ni tajiri, akasema Papa Lusenge. Batoto yangu banalia njaa, na banakaa juu ya zahabu.

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Lusenge akatafuna maharagi yake, akaacha, akatafuna tena.

— Mama Jéthro, maharagi ya leo iko na majivu.

— Ni moto tu, Papa, nikasema. Sikumwangalia.

Ndipo akafika mwanamke mgeni, jembe begani, miguu imejaa tope la barabara. Akasema jina lake ni Hadassa, yeye na wenzake wamekimbia vita, wamelala kanisani.

— Ba papa, jambo kwenu. Natafuta kulima. Hapana feza, chakula tu. Mashamba hii yote yenye kulala ni ya nani?

— Ni yetu, akasema Radio. Lakini hapana kugusa. Tunangoya tume.

— Na kama tume inafika leo?

— Inaona hasara, inaenda. Na sisi tunapanda siku ile ile!

— Siku ile ile, akaitikia Satelite.

Hadassa akatua jembe chini.

— Mbegu iko kwa nani?

Radio akamtazama Satelite. Satelite akatazama juu. Hakuna aliyesema, «Kwangu.»

Papa Lusenge akatazama sahani yake, kisha akanitazama mimi. Huku kwetu, maharagi ya kula hatuyatii majivu. Tunayachanganya na majivu yale ya mbegu tu, wadudu wasiyale, na tunayatundika juu ya moshi kungoja mvua. Haya ya leo niliyatungua, nikayaosha mara nyingi kabla ya kuyachemsha, lakini majivu hayaishi.

Mzee akachota tena. Akaendelea kula, polepole.

Nikamchotea Hadassa yaliyobaki chini kabisa sufuriani.