Mada ya Mwisho ya Mwalimu Telesfori

Baba Paroko, ndugu na jamaa, majirani wa Rulenge, wageni wetu mliotoka Kanazi, Bisibo na Biharamulo mjini, na ninyi nyote mliokalia mikeka na viti vya kuazima katika uwanja huu, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza ndugu yetu, na kabla hatujaelekea makaburini inaomba isimulie maisha yake kama yalivyokuwa, pamoja na ule wivu wake ambao wengi wenu mliujua na baadhi yenu mliucheka, kwa maana yeye mwenyewe aliagiza usifichwe, akasema hataki waombolezaji wake wapakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu Telesfori Ntirampeba alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika kata ya Kanazi, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili wa mzee Fideli Ntirampeba, ambaye alishatutoka, na mama Ernesta Kankindi, ambaye yupo nasi hapa, wote wakulima wa migomba, maharage na kahawa, wa zile familia zilizovuka kutoka Burundi zikafungua mashamba upande huu. Mama anasema tangu utotoni hakuvumilia kupitwa, mdogo wake akitumwa maji kwanza alilia, wala si kwamba alipenda kubeba ndoo, ila sifa ya kutumwa ilikuwa imekwenda kwa mwingine.

Alisoma shule ya msingi Kanazi kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, sekondari hapa Rulenge kuanzia 1991 hadi 1994, kisha akaenda Mwanza kusomea uhasibu na kurudi na cheti chake mwaka 1998. Mwaka 1999 aliajiriwa kuwa karani katika chama cha akiba na mikopo hapa Rulenge, na mwaka 2011 akawa meneja, huku akizunguka vijijini kufundisha vikundi vya wakulima namna ya kuweka akiba, kazi iliyompa jina la mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki darasani. Tarehe 10 Julai 2004 alifunga ndoa na Aline Iradukunda katika parokia hii, na Mungu akawajalia watoto watatu, Philbert aliyezaliwa 2005, Joyness 2008 na Wiston 2013.

Mwaka 2018 chama kilimpokea binti mmoja kwa mafunzo ya kazi, Shamsia Salum, wa familia ya wauza vitambaa wa Biharamulo mjini, msichana mpole mwenye masikio makali, akawekwa dirishani kuhudumia wanachama. Mwezi Agosti 2019 yeye na mwalimu walifungua chaneli ya video iliyoitwa Mbegu ya Shilingi, ili mafunzo ya fedha na uwekezaji yawafikie watu kwenye simu zao, mwalimu akizungumza na Shamsia akishika simu, na kila Ijumaa jioni binti huyo alimweleza walichouliza wanachama wiki hiyo, wazungumzie ada kabla shule hazijafunguliwa, au wazungumzie vipande vya uwekezaji wakati malipo ya kahawa yanaingia, naye mwalimu akavaa tai na kuzungumza. Watazamaji wakaongezeka hadi Wahangaza, watu wa huku kwetu Ngara, walioko Dar es Salaam wakawa wanampigia simu, na marehemu aliamini kwa moyo wake wote kwamba watu wanakuja kwa ajili ya sauti yake, ambayo kwa kweli ilikuwa nzuri, hata kwaya inakiri.

Mwezi Januari 2021 baba yake Shamsia aliugua, binti akarudi Biharamulo kusimamia duka, akaaga vizuri na kuombewa dua, na baada ya miezi michache akafungua chaneli yake mwenyewe. Mwalimu alimpongeza mbele za watu, nyumbani akanuna, na mwaka ulipokwisha, watazamaji wa Shamsia walipowapita wake, kununa kukageuka wivu wa wazi kabisa, akawa anatazama video zake zote kwa simu ya mkewe ili asionekane kumwongezea mtazamaji, na kifurushi cha Aline kikiisha anasema mtandao wa Rulenge ni mbovu.

Mwezi Februari 2022 alisikia kwamba Shamsia anaulizia habari za hatifungani za serikali, yaani mtu kuikopesha serikali fedha na kulipwa riba, naye usiku ule hakulala, akatengeneza video ya mada hiyo na kuitoa haraka ili awe wa kwanza. Ilikuwa video safi, ila Februari watu wametoka kulipa ada na kushona sare, kilichobaki kimeingia kwenye mbegu na mbolea, nani atafikiria kuikopesha serikali, hivyo ikapita kama gari la wageni. Mwezi Julai, maharage yameshauzwa na malipo ya kahawa yameanza, Shamsia akatoa ya kwake, na wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo, zikawa hazina habari nyingine. Mwalimu alitangaza kwamba ameibiwa, akalalamika ofisini, kanisani na kwa mama yake Kanazi, naye mama aliyekuwa anapembua maharage hakuinua hata kichwa, akamjibu, "Mwanangu, mbegu ni ileile, wewe umeipanda kiangazi."

Jibu hilo lilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe. Mwezi Agosti mwaka huo, kwenye harusi hapa Rulenge, Shamsia alimwendea mbele za watu, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akasema, "Shikamoo, mwalimu," na ndugu yetu, mtu mzima, mzee wa kanisa, akatazama keki. Tangu siku hiyo hakumwitikia tena, wakutane sokoni Biharamulo, kwenye semina Ngara au msibani, binti anaamkia na mwalimu anakaa na marahaba yake mdomoni, na ninyi mnajua huku kwetu hata mtu mliyeshitakiana naye mpaka wa shamba ukimwamkia anaitikia kwanza ndipo mgombane. Aline alimsihi, Baba Paroko alimwonya, akawaambia wote wawili kwamba mwizi wa mada haitikiwi.

Wivu ulimharibia hata kazi, kwa sababu aliacha kusikiliza watu akawa anamwinda Shamsia, akatoa mada za ada mwezi Septemba na mada za mavuno kabla watu hawajapalilia, mpaka vijana wa stendi wakamwita Mwalimu wa Mwaka Kesho, na jina hilo baadhi yenu mnaosinzia hapo nyuma ndio mliolianzisha. Kilele kilikuwa tarehe 7 Aprili 2023, Ijumaa Kuu, alipopiga hesabu kwamba Shamsia ni Mwislamu, haendi kanisani siku hiyo, basi lazima atatoa video, akaamua kumuwahi, akatoa mada ya hisa saa tisa alasiri, wakati Rulenge nzima imepiga magoti mbele ya msalaba na simu zimezimwa. Waliotazama walikuwa watu wachache wasiojua siku, na yeye mwenyewe. Shamsia alikuwa amefunga Ramadhani yake, na kwa heshima ya Wakristo wanaomtazama hakutoa chochote mpaka Jumatatu ya Pasaka ilipopita, na alipotoa, hata wanakwaya waliitazama. Baba Paroko aligusia jambo hilo kwenye mahubiri bila kutaja jina, na kanisa zima likageuka kumtazama mwalimu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini yeye aliendelea. Mwezi Novemba 2023 wakulima wa Bisibo walimwalika kufundisha kikundi chao, wakamchinjia kuku, na mwenyekiti akamkaribisha kwa furaha kama yule mwalimu aliyemfundisha Shamsia, watu wakapiga makofi, naye akasema ana dharura, akawasha pikipiki na kuondoka kuku akiwa jikoni. Ndugu wa Bisibo, familia inawaomba radhi kwa kuku yule, na ifahamike kwamba mwalimu alijuta njia nzima, na alipofika nyumbani alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa, akamwambia Aline kwamba leo amesikia sifa yake halisi na ameikimbia.

Mwezi Septemba 2024 sauti yake ilianza kukwaruza, akafikiri ni vumbi, akatibiwa hapa kwetu bila nafuu, na Januari 2025 madaktari wa Mwanza wakagundua uvimbe kooni, wakaeleza kwamba upasuaji unaweza kuokoa maisha yake lakini sauti haitabaki. Alirudi nyumbani kujiandaa, na Jumapili tarehe 9 Februari, baada ya misa, alivaa tai, akamwomba mkewe ashike simu mahali ambapo zamani alisimama Shamsia, na mbele ya mama yake na sisi ndugu zake akarekodi video kuhusu mirathi, namna familia inavyopaswa kutunza na kugawana mali ya marehemu bila kunyang'anyana. Sauti ilikuwa imekwisha nusu, lakini kabla ya kuanza mada alikohoa, akaitazama simu, akasema, "Marahaba, Shamsia. Marahaba, mwanangu. Hukuiba kitu." Ndipo akafundisha, na mwisho akasema siku ya kuitoa video ile asiichague Aline wala ndugu yeyote, aichague Shamsia, kwa sababu mwenye kujua wakati ni yeye, na tangu mwanzo alikuwa yeye.

Tulimwomba amwite binti amwambie mwenyewe akiwa bado na sauti, akakataa, akasema akiambiwa leo, kesho mada iko kwenye chaneli yake, tukacheka wote hata yeye akashika koo kwa maumivu. Alipasuliwa tarehe 18 Februari, akarudi Rulenge bila sauti, na Shamsia akawa anakuja kutoka Biharamulo na chupa ya uji wa ulezi, kila akiingia anasema shikamoo, mwalimu, na kitanda kinakaa kimya, naye anamimina uji bila kununa. Aline alitaka kumwambia, mwalimu akaweka kidole mdomoni. Ugonjwa ulirudi mwezi Julai, na tarehe 21 Agosti 2025, Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Rulenge na Mwanza, viongozi na wanachama wa chama cha akiba na mikopo, jumuiya ndogondogo, kwaya, kina mama waliopika tangu juzi, majirani walioacha majembe yao chini, wakulima wa Bisibo waliokuja na kuku mwingine, na wote ambao hatukuwataja tunaomba mtusamehe.

Shukrani ya mwisho ni kwa Shamsia Salum, aliyekaa pale kwenye mkeka wa kina mama karibu na mama Ernesta, ambaye mpaka dakika hii hakuwa anajua, na ambaye asubuhi hii alipoletwa mbele ya jeneza tulimsikia anaamkia kama kawaida yake. Binti yetu, uliitikiwa tarehe 9 Februari, simu hii ina sauti yake, Aline anakuletea hapo ulipo, usilie kwanza uipokee, na siku ya kuitoa ni wewe utakayeichagua, iwe leo, iwe baada ya arobaini, iwe msimu wa kahawa, hakuna atakayekuharakisha.

Nawe Telesfori, mwana wa Fideli na Kankindi, kazi ya kukimbizana imekwisha na mada yako imefika kwa mwenyewe, pumzika kwa amani.