Hisa ya Mama Philomene

Benchi la kinyozi Harlan liko ng'ambo ya barabara, likitazamana na uwanja wa Packers, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wa Green Bay. Tangu Harlan afariki hakuna anayenyolewa pale, lakini kahawa haijawahi kukosekana. Wanakaa wanne. Ferdie Destree, mwenye miaka sabini na sita, wanamwita Koleo, kwa sababu kila theluji ikianguka Green Bay yeye huwa wa kwanza getini na koleo lake, kwenda kuichota kwenye viti vya uwanja kabla ya mechi. Mdogo wake Gus ni Jibini, kwa ile kofia yake ya sponji yenye umbo la kipande cha jibini, ambayo hakuivua hata kanisani siku ya harusi yake. Harvey Ninham ni Profesa. Aliendesha basi la shule miaka thelathini, na anayajua matokeo ya mechi za zamani kuliko siku za kuzaliwa za wajukuu wake. Wa mwisho ni Clem Wojtala, Padri, ambaye hajawahi kuwa padri. Alichimba makaburi ya parokia, akastaafu na methali nyingi zisizokaa mahali pake. Asubuhi hiyo ya Julai ilikuwa ya mkutano mkuu wa wenye hisa, na Koleo alikuja amepakata fremu aliyoitoa ukutani kwake.

Ndani ya fremu mlikuwa na cheti cha hisa moja, cha mwaka 1950. Hisa za Packers hazimlipi mtu faida, wala huendi kuziuza sokoni. Unampa ndugu wa damu, basi. Daktari alikuwa amemwambia Koleo kwamba moyo wake umechoka, naye akaamua kwamba leo, kabla ya mkutano, lazima ajaze fomu ya kumrithisha mtu. Fomu ilikuwa mfukoni. Jina ndilo lililokuwa halijapatikana.

— Andika Gus, kaka, yaishe, alisema Jibini. Kalamu hii hapa, nimetoka nayo nyumbani.

— Na Odile je?

— Odile! Mwanao nampenda, lakini mpira anaujulia wapi? Juzi kaniuliza kwa nini wale watu wanaanguka halafu wanapumzika, wanaanguka halafu wanapumzika.

Hapo ndipo palipomuuma Koleo. Odile alikuwa mtoto wake wa pekee, muuguzi wa hospitali, na katika maisha yake hajawahi kumaliza kutazama mechi moja. Jumapili ya mechi, mji mzima ukiwa umejifungia mbele ya televisheni, yeye huenda kununua mboga. Anasema siku hiyo dukani hakuna foleni.

— Wahenga walisema, akaingia Padri, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Sasa upwa umeingiaje hapa?

— Maana yake, kitu apewe anayekipenda.

— Hiyo si maana yake hata kwa mbali, alisema Profesa. Alikuwa ameinamia fremu, miwani imeshuka puani. Hebu ngojeni. Mbona hapa pameandikwa Philomene Destree? Si mama yenu huyu?

— Ndiye. Alipofariki niliachiwa mimi.

— Mshabiki si alikuwa Mzee Leopold?

— Baba ndiye aliyekuwa mshabiki, alisema Koleo. Mama hakukanyaga uwanjani hata siku moja. Sisi tukienda mechi, yeye alibaki uani na sufuria kubwa la buya, ile supu yetu nzito, anakoroga kuku na viazi mpaka turudi. Tukifungwa tunakula, tukishinda tunakula.

— Sasa hisa alinunua ya nini?

Swali hilo likawa kama nyama iliyodondoka katikati ya paka wanne.

— Twendeni na historia, alisema Profesa. Mwaka 1919 timu inaanza, vijana hawana jezi, kampuni ya nyama ndiyo inawapa. Uwanja hauna uzio, mechi ikiendelea kofia inapitishwa, kila mtu atie chochote. Na miji mingine nayo ilikuwa na timu zake. Racine?

— Imekufa! waliitikia wenzake, kama watu walio kanisani.

— Kenosha? Duluth? Rock Island?

— Zimekufa!

— Na sisi mwaka hamsini tulikuwa tunakata roho. Watu wakapita nyumba kwa nyumba kuuza hisa, na mji ukanunua. Basi mimi nasema hivi: muuzaji alisimama mlangoni kwa mama yenu, baridi inaingia ndani. Akanunua ili mlango ufungwe.

— Mama yetu hakuwa bahili wa kuni, alisema Jibini. Sikilizeni. Ilikuwa Kwaresima. Baba alikuwa ameahidi mbele ya paroko kwamba ameacha mpira siku arobaini. Akanunua kwa siri, akaandika jina la mkewe. Kesi imekwisha.

— Bado, alisema Padri. Mama alikuwa akiomba theluji inyeshe Jumapili ili mechi ivunjike, mumewe ashinde nyumbani. Akaenda kuungama. Malipizi yake ndiyo hayo hapo kwenye fremu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Haraka ya nani sasa, Padri?

— Ya theluji.

Jibini alisimama, kofia ikayumba.

— Basi niwaambie msilolijua! Mama ndiye aliyekuwa kocha. Ndiyo! Baba alikuwa akimpelekea kocha mkate wa nyama, na ndani ya karatasi ya mkate kuna mchoro wa Mama. Akikoroga sufuria kwenda kulia, tunashambulia kulia!

— Mimi nina wasiwasi, alisema Profesa polepole, kwamba alikuwa jasusi wa mahasimu wetu, Chicago.

— Toka kwenye benchi! Toka! Mama yangu, Chicago? Arudishe kahawa yetu huyu!

Walicheka mpaka Padri akakohoa. Mchezaji mmoja, mtu mrefu kama mlango, alipita akielekea mazoezini juu ya baiskeli ndogo ya waridi aliyoazima kwa mtoto, kama ilivyo desturi ya wachezaji hapa, magoti yakimgonga kidevu, na msichana mwenye baiskeli akimkimbilia pembeni, amekumbatia helmeti ya mchezaji huyo. Wote wanne walipunga mkono. Lakini macho ya Koleo yalikuwa kwenye gari lililokuwa likiegeshwa.

Odile alishuka akiwa bado na sare ya hospitali na boksi la maandazi mkononi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, aje amvushe baba yake barabara.

— Shikamooni. Baba mdogo, kelele zako nimezisikia toka kwenye taa za barabarani.

— Marahaba, mwanangu. Tunamtetea bibi yako. Huyu bwana anamwita jasusi.

Wakamweleza yote, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Odile alichukua fremu, akaifuta kioo kwa kiganja, akalisoma lile jina. Mikono yake ilikuwa na harufu ya sabuni ya wodini.

— Baba, mpe baba mdogo. Anaipenda. Mimi sina ugomvi.

— Wewe ungeifanyia nini? aliuliza Koleo. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

— Sijui. Mpira siuelewi, Baba, unajua. Lakini Jumapili nikiwa zamu, wagonjwa wakizinduka, kabla hawajaomba hata maji wananiuliza matokeo. Kwa hiyo nayatafuta, naandika kwenye kiganja, nazunguka kitanda hadi kitanda. Sijui nawaambia nini, ila nawaambia.

Akaitazama tena fremu.

— Na Bibi je, kuna mtu aliyewahi kumwambia asante?

Profesa, anayejua matokeo ya miaka mia, alitazama viatu vyake. Padri alifungua kinywa, akatafuta methali, akakifunga.

Koleo ndiye aliyezungumza, na alizungumza akiangalia uwanja.

— Mama alikuwa na koti. Lile alilokuja nalo akiwa bibi harusi, lenye manyoya shingoni. Mwaka ule wa hisa, baridi iliporudi, alikwenda misani na koti la Baba la kazini, mikono ameikunja mara mbili. Nilikuwa na miaka saba. Niliona aibu. Nikawa natangulia mbele, ili watu wasijue kwamba natembea naye. Siku zote nilidhani lile la manyoya lilichanika. Sikuwahi kujiuliza kama aliliuza.

— Mimi sikulijua hilo, kaka, alisema Jibini.

— Ulikuwa mdogo.

Hakuna aliyeongeza nadharia. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameanza kuingia getini, wazee kwa watoto, na uwanja ulikuwa umesimama pale pale, haujafuata njia ya Duluth wala Rock Island.

Jibini alimshika kaka yake mkono, akamtia kalamu vidoleni.

— Andika Odile. Upesi, kabla sijabadili nia.

— Una hakika?

— Mama naye hakujua kwa nini wanaanguka halafu wanapumzika.

Koleo aliiweka fomu juu ya boksi la maandazi, akaandika polepole, herufi moja moja. Kisha Jibini akafanya jambo ambalo benchi lile halikuwahi kuliona. Aliivua kofia. Upara ulikuwa mweupe, una alama ya sponji kuuzunguka. Aliinamia kioo cha fremu na kusema kwa sauti ndogo:

— Asante, Mama. Na buya pia.

Chupa ya kahawa ilikuwa tupu. Odile alimshika baba yake kiwiko, wakaanza kuvuka. Koleo, ambaye siku zote ndiye wa kwanza getini, alipunguza mwendo mpaka hatua zake zikalingana na za bintiye, na watu wote wa Green Bay waliokuwa barabarani wakawaona wanatembea pamoja.