Bingwa wa Mchezo wa Simu

Ndani ya basi la Los Angeles, mama mmoja alimuuliza mzee mwenye suti aliyeketi kando yake, "Unakwenda harusini, don?" akimwita bwana kwa Kihispania. Nami nyuma yao nikajifanya natazama nje. "Darasani. Tunafundishwa sarufi ya Kiingereza kwa mchezo wa simu, na bingwa ni mimi." "Hongera!" "Hongera gani, mama? Anayenichezea ni mjukuu. Leo bingwa anahutubia kwa Kiingereza." Mama akacheka nusura amwage tamale zake za unga wa mahindi. "Si umpeleke mjukuu?" "Usinicheke. Mke wangu kaalika ukoo mzima." "Basi mwambie ukweli." "Nitaanzaje? Suti hii kaipiga pasi mwenyewe, huku anaimba."

Basi likasimama. Nje ukoo ulikuwa umeinua bango lenye picha yake. Mzee akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.